Uchaguzi wa Masomo kwa Kijana Atakaye Hisabati Chuo Kikuu

Wakati matokeo ya mtihani wa kidato cha nne yanapotangazwa nchini Uganda, kambi za jeshi na nyumba za polisi katika Tororo na Busia huingiwa na pilikapilika zisizoandikwa katika kitabu cha zamu. Mathalani, sajini aliye kazini penye mpaka hupigiwa simu na mkewe. Shule yataka masomo matatu ya kidato cha tano, na orodha yafungwa kesho. Sajini ana malori mbele yake, na likizo yake haijafika. Hujibu kwa haraka: "Ajaze yale atakayopita bila taabu." Kwa neno hilo moja mlango wa shahada ya hisabati waweza kufungwa, wala hapana mtu yeyote aliyekusudia kuufunga.

Yafaa jambo hili lielezwe kinaganaga, maana askari wengi wana watoto hodari wa hesabu, na kazi yao huwaweka mbali na nyumbani siku zile zile ambazo fomu hujazwa.

Nchini Uganda mwanafunzi wa kidato cha tano na cha sita husoma masomo makuu matatu. Juu ya hayo hufanya mtihani wa maarifa ya jumla, na somo moja dogo, ama hisabati ndogo ama kompyuta. Hapo ndipo wazazi wengi wanapoteleza. Hisabati ndogo hubeba jina la hisabati, lakini mwenye kuifaulu hupata alama 1 tu, hali somo kuu lililopata daraja la A hutoa alama 6. Hisabati hiyo iliwekwa kwa faida ya wale wasomao uchumi, fizikia au baiolojia pasipo hisabati kuu, ili wasiachane na hesabu moja kwa moja. Haikuwekwa iwe njia ya kufikia shahada ya hisabati. Na kijana mwenye hisabati kuu hapotezi kitu, kwa kuwa yeye huchukua kompyuta kuwa somo lake dogo, nayo itamfaa sana baadaye.

Aidha, vyuo vikuu vya serikali nchini humo havihesabu alama zote kwa mizani moja. Somo la lazima kwa shahada iliyoombwa huzidishwa kwa 3, lenye uhusiano wa karibu kwa 2, lenye kufaa kwa 1, na mengine huhesabiwa nusu. Kwa hiyo A ya hisabati kwa mwombaji wa hisabati ni alama 18, na A katika somo lisilohusika ni alama 3. Kijana aliyekusanya madaraja mazuri katika masomo mepesi, kisha akaomba hisabati, amefanana na askari aliyebeba risasi nyingi zisizoingia katika bunduki yake.

Wazazi wa zamani walizoea kuuliza, "Amepata daraja la ngapi?" Kwa miaka mingi swali hilo lilitosha. Katika mtaala mpya wa sekondari ya chini, ulioanza mwaka 2020 na kutahiniwa mara ya kwanza mwaka 2024, madaraja hayo ya jumla hayapo tena. Kila somo lina herufi yake. Mzazi hana budi kuutazama mstari wa hisabati wenyewe, na baada yake mstari wa fizikia.

Kwa nini fizikia? Hisabati kuu ya kidato cha sita kwa miaka mingi imekuwa na karatasi mbili. Ya kwanza ni hisabati yenyewe, yaani aljebra, trigonometria, vekta na kalkulasi. Ya pili ni hisabati ya matumizi, na ndani yake mna takwimu pamoja na mekanika, ambayo ni elimu ya nguvu na mwendo wa vitu. Askari wa mizinga huifahamu kwa vitendo. Ganda la kombora likirushwa kwa pembe fulani na kasi fulani, litaanguka wapi? Mwanafunzi wa fizikia hulikuta swali hilo mara mbili kwa juma, katika vyumba viwili, kwa walimu wawili. Ni msaada mkubwa. Uchumi nao ni mwenzi mwema, hasa kwa atakayeelekea kwenye takwimu au bima. Kemia yahitajiwa sana na watakao udaktari na baadhi ya uhandisi. Kwa mwanahisabati ni jirani wa mbali. Anayeipenda aichukue, lakini asiichukue kwa kuona haya mbele ya wenziwe.

Lakini kabla ya hayo yote kuna swali ambalo fomu haiulizi: je, kijana aipenda kazi yenyewe? Wepesi wa kujumlisha si hisabati ya chuo kikuu. Mfano wake waweza kuonekana katika uwanja wa gwaride. Asimamishwe askari mmoja. Waongezwe 3, wawili ubavuni na nyuma na mmoja penye pembe, na kikosi huwa mraba wa wawili kwa wawili. Waongezwe 5 kwa mtindo huo huo, na mraba huwa wa watatu kwa watatu, jumla 9. Wakiongezwa 7 huwa 16. Sajini ataona kwamba namba witiri zikijumlishwa kwa mpango, tangu 1, daima huzaa mraba. Chuo kikuu hakitosheki na kuona. Hutaka ithibitishwe kwa nini haitavunjika hata kikosi kikiwa cha milioni, na uthibitisho uandikwe kwa sentensi zilizonyoka. Kijana akiulizwa "kwa nini" akafurahi, amekwisha kujieleza. Ndiyo sababu pia lugha ya Kiingereza isidharauliwe, maana uthibitisho huandikwa kwa lugha hiyo.

Wala isidhaniwe kwamba elimu hiyo haina kazi katika ulinzi. Mwaka 1932 Marian Rejewski, mwanahisabati wa Poland aliyesoma Poznań, alifumbua mpango wa mashine ya siri ya jeshi la Ujerumani iliyoitwa Enigma. Silaha yake kubwa ilikuwa kanuni za mpangilio wa vitu, somo ambalo hata leo hufundishwa katika shahada ya hisabati.

Ng'ambo ya pili ya mpaka, katika Busia ya Kenya, mlango uko mahali pengine. Wanafunzi waliobaki katika utaratibu wa 8-4-4, ulioanzishwa mwaka 1985, husoma hisabati kwa lazima hadi kidato cha nne, na aingiaye chuo kikuu kwa shahada hutakiwa wastani usiopungua C+. Lakini wale wa mtaala mpya, waliofika darasa la 10 Januari 2026, huchagua njia mapema zaidi, wanapotoka darasa la 9. Njia ni tatu: sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, sayansi za jamii, na sanaa na michezo. Mwaka 2025 Wizara ya Elimu ya Kenya iliamua hisabati isomwe na wote, ila iwe ya aina mbili. Wa njia ya sayansi husoma hisabati kamili, na wengine hisabati iliyopunguzwa. Jina ni moja, uzito si mmoja. Mtego wa Tororo umevuka mpaka, na umemkuta mtoto mwenye umri mdogo zaidi.

Watu wa sehemu hizi, Wateso na Wasamia, wana jamaa pande zote mbili, na si ajabu mtoto kuanzia shule Kenya akamalizia Uganda. Mzazi wa namna hiyo ajue kwamba cheti cha nchi moja hulinganishwa kwanza na cha nchi nyingine kabla ya kupokewa, na kwamba vidato viwili vya juu vya Uganda havina pacha wake katika 8-4-4. Kuhama katikati ya vidato hivyo humpotezea mwanafunzi mada nzima. Askari akihamishwa kikosi, mara nyingi ni heri mtoto akabaki bweni hata amalize.

Vyuo havipo mbali. Chuo Kikuu cha Busitema, kilichoanzishwa mwaka 2007 katika Wilaya ya Busia, kina kitivo chake cha sayansi na ualimu huko Nagongera, Wilaya ya Tororo. Upande wa Kenya, Alupe ilipata hati ya kuwa chuo kikuu kamili mwaka 2022.

Basi sajini yule aliyepigiwa simu penye malori ana maswali mawili ya kuuliza kabla ya kukata. Hisabati iliyoandikwa katika fomu ni ile kuu au ile ndogo? Na shule hiyo, je, ina mwalimu wa kuifundisha hadi kidato cha sita?