Kung'uta Kiatu Kwanza

Leo nataka kuwaeleza jambo dogo nililojifunza kwa rafiki yangu tulipokuwa shuleni, tukilala bweni moja.

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa viatu vyake, alikuwa akivipindua, akivipigapiga sakafuni na kuchungulia ndani, ndipo avae. Sisi tulimcheka, tukamwuliza, "Je, umeficha fedha humo?" Siku moja akatujibu kwa upole, "Mdogo wangu alivaa kiatu chenye nge. Hatunaye tena." Tangu siku ile hakucheka mtu.

Nge hutembea usiku kutafuta chakula. Kukipambazuka hujificha penye giza: chini ya jiwe, katika kuni, au ndani ya kiatu. Hatutafuti sisi, huuma kwa kuwa amebanwa. Nge wengi humtia mtu mzima maumivu tu, lakini wako ambao sumu yao yaweza kumwua mtoto mdogo. Mtoto aliyeumwa na apelekwe hospitali upesi, wala jeraha lisichanjwe wala kufyonzwa.

Nami niliishika desturi ile. Miaka mingi sikuona kitu ila mchanga. Hata asubuhi moja ya masika, nilipokung'uta kiatu cha mwanangu, akaanguka nge, mkia juu. Nikamkumbuka rafiki yangu, na mdogo wake pia.

Basi, wazazi, nanyi wanafunzi, kazi hii haina gharama, nayo huisha kabla hujahesabu kumi. Tahadhari kabla ya hatari.