Riziki Inayotegemea Msitu Uliosimama: Uhifadhi na Maisha ya Wenyeji katika Milima ya Usambara

Mada hii inachunguza uhusiano kati ya riziki za wakazi wa Usambara na misitu ya mvua iliyosalia huko, yaani misitu minene inayopata mvua na ukungu karibu mwaka mzima, ambayo miti yake haipukutishi majani kwa pamoja. Hoja inayotetewa ni kwamba shughuli ya kiuchumi hailindi msitu kwa sababu tu imeitwa rafiki wa mazingira. Huulinda pale ambapo kipato chake hukatika msitu ukikatwa, na pale ambapo mwenyeji anayeifanya ana kauli juu ya ardhi na bei. Miradi mingi iliyopita katika wilaya za Lushoto na Muheza ilitimiza sharti moja na kulisahau la pili.

Usambara ni sehemu ya Tao la Mashariki, safu ya milima ya kale inayoanzia Taita nchini Kenya na kuishia Udzungwa, na Bonde la Lwengera huigawa kuwa Usambara Mashariki na Magharibi. Unyevu wa Bahari ya Hindi umeitunza misitu hii kwa muda mrefu kiasi kwamba inahifadhi viumbe wengi wasiopatikana kwingineko. Miongoni mwa mimea yake mashuhuri ni ua la Saintpaulia, lililopewa jina la afisa wa Kijerumani Walter von Saint Paul-Illaire na ambalo leo hupamba madirisha ya Ulaya. Hata hivyo, milima hii haikuwahi kuwa pori tupu. Wasambaa walilima migomba chini ya miti, nao Wambugu walilisha ng'ombe katika nyanda za juu za Magamba na Shume kabla ya serikali za kikoloni kuweka mipaka ya hifadhi.

Kielelezo cha kwanza kinatoka Mlalo, ambako mwaka 1946 Waingereza walianzisha mpango wa kuzuia mmomonyoko wa udongo, kisha wakaupanua katika maeneo mengine ya Usambara. Wakulima walilazimishwa kisheria kujenga matuta kwenye miteremko, na aliyekaidi alitozwa faini. Kitaalamu matuta hayakuwa upuuzi, kwa kuwa udongo ulikuwa ukiporomoka kweli. Lakini kazi hiyo iliwaangukia zaidi wanawake, haikuleta mavuno ya haraka, na wengi walishuku kwamba ardhi ikishatengenezwa ingechukuliwa na wazungu. Upinzani ulienea, chama cha TANU kikapata wafuasi, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1950 mpango ukaachwa. Mradi wa SECAP, ulioanza Lushoto mwaka 1981 kwa ufadhili wa Ujerumani, ulipita njia nyingine: majani ya malisho yalipandwa kwa mistari ya kukinga maji, ng'ombe wakafugwa zizini na kulishwa majani hayohayo, na samadi ikarudi shambani. Hapo mkulima alipata maziwa na mbolea wakati akizuia udongo, wala hakungoja kuambiwa kwamba wajukuu wake watafaidika.

Kielelezo cha pili, iliki ya Usambara Mashariki, ndicho kinachowasumbua zaidi wahifadhi, kwa sababu kwa mtazamo wa haraka zao hili linaonekana kuwa mkombozi. Iliki hutaka kivuli, kwa hiyo mkulima huacha miti mikubwa na kufyeka vichaka vya chini tu, na anayepita huona msitu bado umesimama. Kinachofyekwa, hata hivyo, ni miche ya miti ya kesho. Baada ya miaka kadhaa mavuno hupungua, miti ya kivuli huangushwa, na mahali pake hupandwa miwa, mihogo au migomba. Derema, ushoroba wa takriban hekta 960 unaounganisha misitu ya Amani na ile ya kaskazini mwake ili wanyama na mbegu vipite, ulikuwa umejaa mashamba ya namna hiyo. Ili kuuhifadhi, wakulima zaidi ya 1,000 walitakiwa kuondoa mazao yao na kulipwa fidia, ambayo kwa sehemu kubwa ilikamilishwa kwa fedha zilizopitia Benki ya Dunia baada ya miaka ya kusubiri. Fidia hulipa mmea uliohesabiwa siku ya tathmini. Hailipi kazi ambayo mkulima angeifanya kwa miaka 20 iliyofuata, na kosa hilo la hesabu halirekebishwi kwa semina za elimu ya mazingira.

Ufugaji wa vipepeo, ulioanzishwa kando ya hifadhi ya Amani mwanzoni mwa miaka ya 2000 chini ya Shirika la Kuhifadhi Misitu ya Asili Tanzania, ulitimiza vizuri sharti la kwanza. Mfugaji aliweka vipepeo ndani ya kizimba cha wavu, alikusanya mayai, na kulisha viwavi majani ya mmea ambao aina husika huula, kwani mara nyingi kiwavi wa aina moja hali majani yanayoliwa na aina nyingine. Kiwavi alipojifunga kuwa pupa, yaani hatua ya ganda kabla ya mabawa, alisafirishwa haraka kwenda kwenye bustani za maonyesho za Ulaya na Marekani kabla hajatoka. Mbegu na vipepeo wazazi vilitoka msituni, hivyo msitu ungetoweka biashara nayo ingekufa, na wafugaji wengi walikuwa wanawake. Mwaka 2016 serikali ilizuia usafirishaji wa wanyamapori hai nje ya nchi, na katazo hilo likamkumba pia mama wa kijijini mwenye kizimba nyuma ya nyumba.

Mbegu za msambu, mti wa asili unaotoa mafuta mazito yaliyovutia kampuni ya Unilever, zina kasoro inayofanana na ya vipepeo, kwamba mwenyeji hana kauli juu ya soko: wanunuzi wamekuwa wachache, na mti uliopandwa kwa mbegu huchukua zaidi ya miaka 10 kuzaa.

Njia yenye matumaini zaidi, ingawa haina mvuto wa kipepeo, ni maji. Jiji la Tanga hutegemea Mto Zigi, ambao vyanzo vyake vimo katika misitu ya Amani, na wakulima wa mabonde ya Kihuhwi na Zigi wameunda umoja wao, UWAMAKIZI, wa kulinda kingo za mito. Mkulima anayeacha kulima ukingoni hupoteza mavuno msimu huohuo, ilhali mteja wa mjini hufaidika kila afunguapo bomba. Mada hii inapendekeza kwamba sehemu ya ankara ya maji itengwe kisheria kwa vijiji vya vyanzo, na kwamba kiwango chake kijadiliwe na mikutano mikuu ya vijiji hivyo, kwa kuanzia na hesabu ya magunia ya mahindi na iliki ambayo hayatavunwa tena kando ya mto.