Bei ya Unyofu: Upotoshaji na Upana wa Masafa katika Saketi za Opampu

Upotoshaji wa mawimbi na ufinyu wa masafa huchukuliwa mara nyingi kuwa magonjwa mawili yenye tiba mbili, ilhali katika saketi nyingi chimbuko lake ni moja, nalo ni uhaba wa akiba ya ukuzaji. Mhadhara huu unalichunguza chimbuko hilo katika opampu, yaani amplifaya inayokuza tofauti ya volteji kati ya njia zake mbili za kuingilia, na ambayo ilipewa jina lake katika makala ya Ragazzini, Randall na Russell ya mwaka 1947 kwa sababu ilikusudiwa kutenda matendo ya hesabu ndani ya kompyuta za analogi.

Tiba kuu ilipatikana kabla transista haijakuwapo. Katika njia ndefu za simu za Marekani sauti ilipita katika amplifaya nyingi zilizofuatana, na kila moja iliongeza upotoshaji wake juu ya ule wa zilizotangulia, hata mazungumzo yakaharibika. Tarehe 2 Agosti 1927 Harold Black, mhandisi wa Bell Laboratories, akiwa katika kivuko cha mto Hudson, alichora juu ya ukurasa wa gazeti wazo la kurudisha sehemu ya tokeo mlangoni ikiwa imegeuzwa ishara, ili amplifaya ilinganishe kila mara kilichotoka na kilichoingia, kisha ijisahihishe. Huo ndio mrejesho hasi. Bei yake ni ukuzaji wenyewe, na kutoa ukuzaji mwingi kwa ajili ya unyofu, yaani tokeo lisilopotoshwa, kulionekana jambo geni kiasi kwamba hataza aliyoiomba mwaka 1928 haikutolewa hadi mwaka 1937.

Hesabu ya bei hiyo inaonekana vyema katika opampu 741, iliyobuniwa na Dave Fullagar katika kampuni ya Fairchild na kuingia sokoni mwaka 1968. Bila mrejesho hukuza takriban mara 200,000, lakini kiwango hicho hudumu hadi kama hezi 5 tu, kisha hupungua mara kumi kila masafa yanapoongezeka mara kumi, hata kufikia megahezi 1 ukuzaji uliobaki ni 1. Mbunifu akitaka ukuzaji wa 10, kwenye kilohezi 1 opampu ina uwezo wa 1,000, hivyo hubaki na akiba ya mara 100. Kwenye kilohezi 20, ambako masikio ya binadamu hukomea, uwezo ni 50 na akiba ni mara 5 tu. Akiba hiyo, inayoitwa ukuzaji wa kitanzi, ndiyo inayougawanya upotoshaji unaozaliwa katika hatua ya mwisho ya opampu, na kwa hiyo saketi inayosifiwa kwa kipimo cha kilohezi 1 yaweza kuwa mbovu mara nyingi zaidi katika sauti nyembamba.

Kinachoshusha ukuzaji huo ni kapasita ya pikofaradi 30 iliyowekwa ndani kwa makusudi, kwani bila hiyo ucheleweshaji wa transista ungeugeuza mrejesho hasi kuwa chanya, na saketi ingejiimbia yenyewe kama vinavyofanya vipaza sauti vya mikutano vinapopiga mbinja. Mhandisi Nyquist alieleza masharti ya saketi kubaki tulivu mwaka 1932, na hakuna mbinu ya kupanua masafa iliyo salama kwa mbunifu anayeyapuuza.

Njia nyepesi kuliko zote ni kugawana kazi. Opampu moja ya 741 ikidaiwa ukuzaji wa 100 hufika kilohezi 10, lakini mbili zinazofuatana, kila moja ikikuza mara 10, hufika pamoja takriban kilohezi 64, na kila moja hubaki na akiba kubwa zaidi ya kujisahihisha.

Hata hivyo, kuna kosa ambalo mrejesho hauwezi kulifikia. Kapasita ile ile hujazwa na mkondo wenye kikomo, kwa hiyo volteji ya tokeo la 741 haiwezi kubadilika kwa kasi inayozidi takriban volti 0.5 kwa mikrosekunde, na wimbi lenye kilele cha volti 10 hufikia kikomo hicho karibu na kilohezi 8. Kuanzia hapo hatua ya kwanza imeshatoa mkondo wake wote, marekebisho hayana njia ya kupita, na wimbi la mviringo hutoka likiwa na umbo la pembetatu. Hapa dawa ni kupunguza kilele au kuchagua opampu yenye kasi zaidi, kama NE5534, inayofikia volti 13 kwa mikrosekunde.

Kosa jingine huzaliwa pale transista mbili za mwisho zinapopokezana zamu wimbi linapovuka sifuri. LM358 inafahamika kwa udhaifu huu, na rezista iliyounganishwa kati ya tokeo na waya wa umeme hasi huilazimisha transista moja ibaki kazini muda wote, ingawa joto na matumizi ya umeme huongezeka. Fundi huyatofautisha makosa haya mawili kwa kupunguza ukubwa wa wimbi bila kubadili masafa: lile la kasi hutoweka, ilhali lile la kupokezana zamu huzidi kuonekana kadiri wimbi linavyokuwa dogo.