Vyuma vya Mkoba wa Ngozi na Matengenezo Yake



Leo nataka kusema nanyi habari za mikoba ya ngozi, pamoja na viondo vyenye mishipi ya ngozi, ambavyo huachwa pembeni mwa nyumba kwa sababu ya pete moja tu iliyovunjika. Katika Kitui na Makueni kiondo si pambo tu. Mama huchukulia humo mbegu, fedha za sokoni na vyeti vya watoto. Pete ikikatika njiani, mali yote humwagika. Tena, tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku katika Kenya mwezi wa Agosti 2017, mkoba udumuo umezidi kuwa na thamani.

Kazi hii si ngeni kwetu. Tangu zamani wahunzi wa Ukambani walisifiwa kwa kufua chuma na shaba, na kwa kuunga mikufu myembamba sana. Basi, wajukuu wao wasishindwe na bizimu moja.

Jambo la kwanza ni kutambua madini. Twaa sumaku. Ikiivuta pete, hiyo ni chuma. Isipoivuta, kwangua kidogo mahali pasipoonekana. Ukiona umanjano hata ndani, yaelekea ni shaba ya manjano. Ukiona rangi ya kijivu chini ya rangi ya juu, yaelekea ni zinki. Tofauti hii si ndogo. Shaba ya manjano huyeyuka karibu na digrii 900 za Sentigredi, na fundi aweza kuilehemu. Zinki huyeyuka karibu na digrii 420, na moto waweza kuiharibu kabla haijaungika. Kwa hiyo ni heri kutafuta nyingine. Wala moto usikaribie ngozi kamwe: chuma kitolewe kwanza.

Jambo la pili ni kipimo. Pima upana wa pete kwa ndani, wala si kwa nje, maana ndani ndimo mshipi upitamo. Mshipi wa milimita 25 wataka pete ya milimita 25. Pete ikiwa nyembamba, ngozi hukunjamana na kukatika. Ikiwa pana mno, mshipi huvutwa upande mmoja. Chagua pete iliyolehemiwa pale ncha zinapokutana, kwa sababu ile iliyokunjwa tu hufunguka ikilemewa na mzigo.

Jambo la tatu ni kushona. Watu wengi hufunga kipande cha waya na kusema, "Imekwisha." Kumbe waya hushika kutu, hutia ngozi doa, kisha huikata kama msumeno. Njia iliyo bora ni hii: kata uzi wa zamani kwa ncha ya kisu, ukijihadhari usiguse ngozi. Ikiwa ngozi imelika pale ilipokunjwa, tia kiraka cha ngozi kwa ndani. Kisha ingiza pete mpya, na ushone kwa kupitia matundu yaleyale ya zamani. Usitoboe mengine, kwani matundu yaliyosongamana hufanya ngozi ipasuke kwa urahisi. Uzi upakwe nta, nayo haikosi kupatikana Ukambani, nchi ya nyuki. Tumia sindano mbili, moja katika kila ncha ya uzi, zikipishana katika kila tundu. Mshono wa namna hii, ukikatika upande mmoja, upande wa pili hushika bado.

Ukiwa huna vyombo, mpelekee mshona viatu. Lakini mwambie kipimo chako, na mpatane bei kabla hajaanza. Na kama mkoba ni urithi wa mama au nyanya, mwombe akurudishie chuma cha zamani, ukihifadhi kwa ukumbusho.

Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Basi tazama pete za mkoba wako leo, kabla ya siku ya soko.