"Iko ndani ya kikomo." Kikomo cha nani?

Kwenye mijadala ya viwanda na ajira kuna jibu moja linalofunga kila mtu mdomo: "Hewa ilipimwa, iko ndani ya kikomo." Leo tuulize tu: kikomo cha nani?

Chukueni tolueni, ile inayonuka kwenye thina ya rangi. Fundi wa kupiga magari rangi anaivuta kutwa. Huko Marekani pekee kuna namba tatu za wastani wa siku ya kazi. OSHA, wasimamizi wa sheria, wanasema sehemu 200 kwa milioni ya hewa. NIOSH, watafiti wa serikali hiyo hiyo, wanasema 100. ACGIH, chama cha wataalamu, wanasema 20.

Kwani nani anadanganya? Hakuna. Kila mmoja anajibu swali lake. ACGIH huangalia afya peke yake. Kwa tolueni waliangalia macho na mimba kuharibika. OSHA lazima wapime pia kama viwanda vitaweza, kwa mitambo na kwa gharama. Tena ile 200 iliingia kwenye sheria 1971, ikitoka kwa viwango vya miaka ya 1960. Mwaka 1989 waliishusha hadi 100 pamoja na kemikali nyingine mamia. Mwaka 1992 mahakama ikasema kila kemikali ilihitaji kutetewa peke yake, ikayafuta yote. 200 ikarudi.

Sasa, kuna watakaosema: namba ndogo itafunga karakana, vijana wakose kazi. Hoja hiyo si ya kudharau. Feni za kuvuta mvuke ni pesa. Lakini hiyo ni hoja ya gharama. Isemwe hivyo wazi, isivalishwe koti la daktari.

Hapa Kenya tuna kanuni za 2007 kuhusu kemikali hatari kazini, zenye viwango vyake, na mwajiri lazima azifuate. Msimamo wangu: sheria ni pale pa kuanzia. Lengo la kila siku liwe ile namba ndogo iliyowekwa kwa ajili ya afya.

Kwa hivyo mtu akikwambia "iko ndani ya kikomo," muulize: kiliwekwa na nani? Mwaka gani? Ni wastani wa siku nzima au wa dakika 15? Kiliangalia afya peke yake, ama na mfuko pia? Akishindwa kujibu, bado hajatuambia kama fundi yuko salama.