Neno "Jiji" na Kipimo cha Ukuu wa Dar es Salaam

Mwaka 1939 mwanajiografia wa Marekani, Mark Jefferson, alipendekeza kipimo chepesi cha ukuu wa jiji: idadi ya wakazi wa jiji la kwanza kwa ukubwa nchini ichukuliwe kuwa 100, kisha majiji ya pili na ya tatu yalinganishwe nalo. Miaka 10 baadaye, George Kingsley Zipf, mwanaisimu wa Chuo Kikuu cha Harvard, alichapisha kitabu kilichoyaweka maneno na miji katika mizani moja. Kwa mujibu wa kanuni yake, neno la pili kwa marudio hutokea takriban nusu ya mara za neno la kwanza. Vivyo hivyo, jiji la pili hutarajiwa kuwa na takriban nusu ya wakazi wa jiji la kwanza.

Hata hivyo, kabla ya kuhesabu, sharti iamuliwe kinachohesabiwa. Mwanaisimu wa Kiswahili analifahamu tatizo hili. Je, "wa", "ya", "la" na "cha" ni maumbo ya neno moja, yaani a-unganifu, ama ni maneno mbalimbali? Kila jibu huzaa orodha yake ya marudio, ilhali matini ni ile ile.

Ndivyo ilivyo kwa Dar es Salaam. Sensa ya mwaka 2022 iliupa mkoa huo wakazi 5,383,728. Mwanza, yaani Nyamagana na Ilemela kwa pamoja, ilikuwa na takriban 1,104,000. Kwa hesabu hiyo Dar es Salaam ni karibu mara 5 ya Mwanza. Lakini kiutawala, Jiji la Mwanza ni Nyamagana pekee, yenye wakazi wapatao 595,000. Uwiano unapanda hadi mara 9. Aidha, tangu mwaka 2021, Manispaa ya Ilala ilipopandishwa hadhi, Jiji la Dar es Salaam kisheria ni Ilala tu, yenye wakazi 1,649,912. Jiji kwa jiji, uwiano unashuka hadi chini ya mara 3.

Sensa ni moja, majibu ni matatu. Anayedai kwamba Dar es Salaam imehodhi kila kitu na anayekanusha, wote watapata tarakimu ya kujitetea nayo, na bajeti za shule, maji na barabara zitajadiliwa juu ya tarakimu hizo.

Maana ya kwanza ikishikiliwa kwa sensa zote mbili, uwiano umepungua kutoka mara 6.2 mwaka 2012 hadi mara 4.9 mwaka 2022. Hata hapo tahadhari inahitajika: wengi wanaofanya kazi Dar es Salaam hulala Kibaha na Mkuranga, na huhesabiwa mkoani Pwani.

Kwa hiyo, ufafanuzi wa neno "jiji" haupaswi kuachiwa gazeti la serikali peke yake. Mwanaleksikografia anayeliandikia fasili hushiriki, atake asitake, katika kuipima nchi.