Kompyuta Iliyochakaa na Dhamana ya Mwenye Duka



Mazungumzo ya leo yanahusu jambo ambalo kwa macho ya wengi ni dogo, nalo ni mfumo endeshi wa kompyuta katika biashara ndogo. Mfumo endeshi ni ile programu mama inayoiamsha mashine asubuhi, inayoipa amri printa, inayotunza majalada, na ambayo juu yake programu nyingine zote husimama. Huenda wengine wakauliza: jambo la mafundi linamhusu nini mwalimu wa shule au karani wa masjala? Linamhusu sana, na sababu zake zitaelezwa.

Lichukuliwe duka la steshenari lililo jirani na shule ya sekondari, hatua chache tu kutoka ofisi ya kata. Maduka ya namna hiyo yametapakaa katika miji na vijiji vya Tanzania. Ndani mna kompyuta moja iliyonunuliwa ikiwa imekwisha kutumika ng'ambo, printa, mashine ya fotokopi na daftari la mauzo. Mwalimu huja na flashi yake kuchapisha mtihani wa majaribio. Karani huja na barua ya uhamisho. Mkulima huja na hati ya kiwanja. Kijana huja na vyeti vyake vyote ili aombe kazi. Mweka hazina wa kikundi cha kuweka na kukopa huja na orodha ya wanachama, namba zao za simu na fedha wanazodaiwa.

Wote hao huondoka na karatasi zao mikononi, lakini mara nyingi nakala hubaki ndani ya mashine. Hivyo basi kompyuta ile, ingawa ni mali ya mtu mmoja, imebeba siri za watu wengi. Aidha, flashi ya mwalimu ikiambukizwa virusi dukani, virusi hivyo huingia ofisi ya mkuu wa shule siku hiyo hiyo. Kompyuta ya duka moja ni mlango wa ofisi nyingi. Mwenye duka anayeutumia mfumo uliochakaa hajihatarishi peke yake. Anaihatarisha dhamana aliyopewa na jirani zake.

Yafaa ieleweke vizuri maana ya mfumo kuchakaa. Mifumo endeshi ina umri wake. Windows XP, iliyotoka mwaka 2001, iliacha kupatiwa marekebisho ya usalama tarehe 8 Aprili, 2014. Windows 7, iliyotoka mwaka 2009, ilifikia kikomo hicho tarehe 14 Januari, 2020. Hata makampuni yaliyolipia nyongeza ya muda yalifika mwisho Januari, 2023. Windows 10, iliyotoka mwaka 2015, nayo ilifikia kikomo chake tarehe 14 Oktoba, 2025.

Siku hiyo inapofika mashine haizimiki. Huwaka kama kawaida, huchapa kama kawaida, na mwenye duka hudhani ameonewa na wafanyabiashara wanaotaka kumwuzia vitu vipya. Hapo ndipo penye mtego. Kinachokoma ni kazi ya ukarabati. Kila mwezi watengenezaji hugundua nyufa katika mifumo yao, wakaziba, na kuwapelekea watumiaji viraka vya kuzibia. Mfumo ukiachwa, nyufa huendelea kugunduliwa, bali mzibaji hayupo. Tena wahalifu huvisoma viraka vinavyotolewa kwa mifumo mipya, wakajua ni wapi pa kupapasa katika ile ya zamani. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta.

Ulimwengu ulipata somo la jambo hili tarehe 12 Mei, 2017. Siku hiyo virusi vilivyoitwa WannaCry vilisambaa kutoka kompyuta hadi kompyuta bila mtu kufungua barua wala kubonyeza chochote. Vilifunga majalada na kudai fidia ya dola 300 za Marekani ili yafunguliwe. Kwa siku chache tu zaidi ya kompyuta 200,000 katika nchi zipatazo 150 zilikumbwa. Nchini Uingereza hospitali zilirudisha wagonjwa, magari ya wagonjwa yakaelekezwa kwingine, na baadaye ikakadiriwa kwamba miadi ya matibabu zaidi ya 19,000 ilivunjwa.

La kuzingatia zaidi ni hili. Kiraka cha kuziba ufa ule kilikuwa kimekwisha kutolewa tarehe 14 Machi mwaka huo huo, karibu miezi miwili kabla. Na kompyuta nyingi zilizoathirika hazikuwa za Windows XP kama ilivyodhaniwa mwanzoni. Zilikuwa za Windows 7, ambayo wakati huo ilikuwa bado inahudumiwa, ila wenyewe hawakuweka kiraka. Kwa hiyo ugonjwa ni wa aina mbili: kuwa na mfumo ambao hautengenezwi tena, na kuwa na mfumo unaotengenezwa lakini mwenyewe hajali. Kununua mashine mpya huponya ugonjwa wa kwanza tu.

Sasa mwenye duka afanye nini? Mbele yake kuna njia tatu, na kila moja ina gharama yake.

Njia ya kwanza ni kuhamia Windows 11, iliyotoka tarehe 5 Oktoba, 2021. Kwa kompyuta ya Windows 10 iliyo halali na inayotimiza masharti, uhamisho huo haulipiwi. Lakini masharti yenyewe ni makali. Mashine yapasa iwe na kumbukumbu ya gigabaiti 4 na nafasi ya diski gigabaiti 64, iwe na chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0, na prosesa yake iwe katika orodha iliyokubaliwa. Kwa prosesa za Intel, orodha hiyo kwa jumla huanzia kizazi cha 8, kilichoanza kutoka mwaka 2017. Kompyuta nyingi zilizoletwa zikiwa zimetumika ng'ambo hazifikii kipimo hicho. Mwenye Windows 7 yampasa pia ajue kwamba hawezi kuruka moja kwa moja hadi Windows 11 akabaki na programu na majalada yake; mfumo huwekwa upya kabisa, na asichokinakili mahali pengine hukipoteza.

Njia ya pili ni kulipia nyongeza ya marekebisho ya Windows 10. Bei iliyotangazwa kwa makampuni ni dola 61 kwa kila kompyuta kwa mwaka wa kwanza, ikiongezeka maradufu kila mwaka, kwa muda usiozidi miaka mitatu, yaani hadi Oktoba, 2028. Kwa miaka yote mitatu jumla ni dola 427 kwa kompyuta moja. Kwa fedha hizo mtu aweza kupata mashine nyingine. Njia hii humfaa anayehitaji muda wa kujiandaa. Haimfai anayetaka kulala.

Njia ya tatu ni kutumia mfumo wa Linux, ulioanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, ambao hutolewa bila malipo na kihalali. Yapo matoleo mengi, kama Ubuntu, iliyoasisiwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, na Linux Mint, ambayo hukubali kompyuta yenye kumbukumbu ya gigabaiti 2, ingawa 4 ndizo zinazopendekezwa. Mashine iliyokataliwa na Windows 11 yaweza kufanya kazi kwa miaka mingine kadhaa kwa njia hii. Wala Kiswahili si kigeni katika ulimwengu huo wa programu huria. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakishirikiana na wenzao wa Sweden, walitoa Jambo OpenOffice, programu za kazi za ofisi zilizotafsiriwa kwa Kiswahili.

Hata hivyo Linux si dawa ya kila ugonjwa. Mji wa Munich nchini Ujerumani ulihamishia huko kompyuta zake zipatazo 15,000 kufikia mwaka 2013, kisha mwaka 2017 madiwani wakapiga kura ya kurudi Windows, baada ya mabishano marefu na malalamiko ya watumiaji. Kwa duka la steshenari, swali la msingi ni kama printa itatii, na kama barua za wateja zilizoandikwa kwa Word zitafunguka bila kuvurugika. Jambo hilo hujaribiwa kabla ya kuamua: mfumo huwekwa katika flashi, kompyuta ikawashwa kwa flashi hiyo, na mwenye duka akachapa karatasi kumi za kazi zake halisi bila kugusa kilichomo ndani ya diski.

Ipo njia ya nne, ambayo haistahili kuitwa njia. Nayo ni kumwita kijana mwenye nakala ya wizi, akavunja kufuli la programu kwa malipo ya soda. Nakala za namna hiyo mara nyingi huja zimezimwa marekebisho, na pengine huja na virusi ndani yake. Huko ni kumwajiri mwizi kuwa mlinzi.

Historia ya nchi hii ina funzo lake katika suala hili. Kompyuta ya kwanza nchini ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974, baada ya jaribio la kuweka hesabu za Serikali katika kompyuta kwenda mrama, Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na marufuku hayo yalilegezwa baadaye tu. Wako wanaoucheka uamuzi ule. Lakini penye kicheko pana pia swali: chombo kina faida gani kikitangulia kufika kabla ya watu wenye ujuzi wa kukitumia na kukitunza? Swali hilo halijazeeka. Mwenye duka anayebadili mfumo bila maandalizi hurudia kosa lile lile kwa kipimo kidogo.

Maandalizi yenyewe si magumu, na hayahitaji shahada. Kwanza, mwenye duka aandike katika daftari vitu alivyo navyo: umri wa kompyuta, ukubwa wa kumbukumbu, jina la printa, programu anazotumia kila siku na maneno ya siri ya kuzifungulia. Mali bila daftari huisha bila habari. Pili, anakili hesabu zake na majalada yanayostahili kubaki katika diski mbili za nje, moja ikae dukani na nyingine nyumbani. Nakala hizo zijaribiwe kwa kufunguliwa katika kompyuta nyingine, kwani nakala isiyofunguka si nakala. Tatu, achague siku isiyo na wateja wengi, kama Jumapili, wala asianze kazi hiyo wiki ya mitihani au mwisho wa mwezi.

Nne, mfumo mpya ukishasimama, mapokeo ya marekebisho yaachwe wazi, hata kama yanakula bando. Tano, kazi za wateja zifanywe katika akaunti isiyo na mamlaka ya kuweka programu. Flashi zao zichunguzwe kwanza. Na jioni majalada yao yafutwe. Iwapo programu fulani ya zamani haikubali kuhama, mashine ya zamani yaweza kubakizwa kwa kazi hiyo tu, ikiwa imetengwa kabisa na intaneti.

Walimu na watumishi wana sehemu yao. Wengi wao wana maduka ya namna hii, au wake na waume zao wanayo. Wasio nayo ni wateja. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei, 2023, inamtaka anayeshika taarifa za watu azilinde. Basi ofisi inayopeleka majina ya watumishi na mishahara yao kuchapishwa dukani haiwezi kunawa mikono kwa kusema mashine si yake. Na mwalimu anayepeleka mtihani huko bila kuuliza chochote, asishangae ukisomwa na wanafunzi kabla ya siku yake.

Kuuliza si kumdharau mwenye duka. Mteja aweza kusema, "Ndugu, kompyuta hii inatumia mfumo gani, na baada ya kuchapa jalada langu utalifuta?" Mwenye duka mwema hatakasirika. Wateja watano wakiuliza hivyo kwa juma moja, naye atatafuta fundi kabla ya juma la pili. Mwalimu wa kompyuta aweza kutenga Jumamosi moja akawasaidia wenye maduka ya mtaani kupima mashine zao na kutengeneza nakala. Ujuzi uliofungiwa shuleni haujasaidia umma uliougharimia.

Ndugu walimu na watumishi, anayemiliki kompyuta duni si mwenye hatia. Umaskini si kosa, na mashine ya zamani inayotunzwa ni bora kuliko mpya iliyotelekezwa. Kosa ni kupokea siri za majirani na kuziweka katika nyumba ambayo mzibaji wa nyufa zake amekwisha kuondoka, hali mtu anajua. Mkulima aliyeacha nakala ya hati yake dukani hajui Windows ni nini, wala hakulazimika kujua. Alimwamini mwenye duka. Imani hiyo ndiyo inayopaswa kulindwa.